Isizimike Kabla ya Saa Kumi

Barua ilikuwa na mistari minne tu, lakini Dada Pasi aliisoma mara tatu akiwa amesimama, mvuke wa mashine ukimpanda usoni. Mara ya kwanza hakuamini, na mara ya pili alitumaini amekosea kusoma. Afisa utumishi alimtaka ofisini leo hii, saa kumi kamili alasiri. Ajieleze kwa nini asifukuzwe kazi kwa kutoonekana siku tatu mfululizo bila ruhusa. Kama ana ushahidi wowote, aje nao. Mstari wa nne ulikuwa sahihi na muhuri.

Ilikuwa saa sita kasoro. Katika chumba cha kupigia pasi cha dobi lile kubwa, lililofua mashuka ya hoteli tatu na hospitali moja, wanawake saba walijifanya wamezama kazini. Hakuna mtu anayekunja shuka kwa uangalifu kama yule anayetega sikio kwa habari za mwenziwe.

"Bila ruhusa?" Dada Pasi akasema. "Niliomba. Bwana Sawa akanijibu."

"Si umwonyeshe afisa hiyo meseji?" mmoja akamwambia, kisha akakumbuka na kujishika mdomo.

Msimamizi wao walimwita Bwana Sawa kwa sababu hakupenda kuombwa kitu kwa mdomo. Ukitaka kubadili zamu, ukitaka kwenda msibani, ukitaka kumpeleka mtoto kliniki, unamtumia meseji naye anakujibu kwa neno moja: Sawa. Hakuna fomu, hakuna daftari. Watu arobaini waliingia na kutoka kwa neno hilo miaka sita, na halikuwahi kumwangusha mtu. Sasa meseji ya Dada Pasi ilikuwa ndani ya simu ambayo kioo chake kilikufa siku ya pili baada ya yeye kurudi kazini, pale ilipochomoka mfukoni mwa aproni na toroli la mashuka mabichi likaipitia. Simu yenyewe ilikuwa hai. Ililia, ilitetemeka, na akipigiwa alipokea kwa kubonyeza kidude cha waya wa masikioni. Ila haikuonyesha kitu. Wenzake waliiita simu kipofu, na yeye alicheka nao, kwa sababu kipofu wa nyumbani kwake alikuwa amekwisha kuona na moyo wake ulikuwa mwepesi.

Alimkuta Bwana Sawa kwenye mashine kubwa za kufulia, akipiga kelele kwenye simu kuhusu magunia ya hoteli. Alipomwona alikata simu, akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini huku akitabasamu kama mtu aliye upande wako.

"Tulia tu, Dada Pasi. Iwe vilevile tulivyokubaliana. Onyo la mdomo, yamekwisha."

"Tulikubaliana nini, bosi? Hii barua inasema kufukuzwa."

Tabasamu likamtoka. Aliichukua barua, akaisoma. Kwa muda mfupi alionekana mtu aliyeshtuka kweli. Kisha fundi mitambo akatokea nyuma ya mashine, na Bwana Sawa akairudisha barua kwa vidole viwili, sauti ikiwa imepanda.

"Mimi sikupata ombi lolote. Kama unalo, lionyeshe."

Alisema hivyo akiutazama ule mfuko wa aproni wenye simu isiyoonyesha kitu.

* * *

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na tangu bandeji itolewe wiki tatu zilizopita, mama mkwe alikuwa amegeuka mkaguzi. Alikuwa amegundua utando wa buibui juu ya kabati, doa kwenye pazia, na kwamba ukuta aliouona wa kijivu kwa miaka mitano ulikuwa wa kijani. Asubuhi hizi alisoma kila kitu kwa sauti: maandishi ya pakiti ya chumvi, kalenda, madaftari ya wajukuu wake pacha. Ilikuwa furaha iliyochosha kidogo, lakini ni furaha, na Dada Pasi hakuwa na moyo wa kuikatiza.

"Mke wa mwanangu," bibi akasema alipomwona mlangoni, "umerudi jua liko utosini. Na hicho kidevu kinatetemeka, usinidanganye, nakiona."

Hivyo ndivyo alivyomwita. Miaka tisa ya kuishi naye, tangu siku alipoletwa, hakuwahi kumwita mwanangu wala kumwita kwa jina lake. Hakuwa mkali sana wala hakuwa mchoyo. Ila kila kitu kwake kilikuwa na mahali pake, na huyu mahali pake palikuwa hapo, pa mke wa mwanawe. Dada Pasi alishazoea, au alijiambia amezoea.

Alimweleza yote. Hakukuwa na haja ya kumweleza maana yake. Mume alikuwa dereva wa lori la masafa, anayeonekana nyumbani wiki moja kati ya sita, na mshahara wake ulikuwa hodari wa kuchelewa. Kodi, ada ya pacha, dawa ya matone ya jicho, vyote vilitoka kwenye ile pasi ya mvuke. Kazi ikienda, nyumba inaenda nayo.

Bibi akavuta kanga yake na kutafuta viatu.

"Unaenda wapi, mama?"

"Umesema wanataka ushahidi. Aliyepasuliwa ni mimi. Au kuna jicho lingine?"

"Wanataka ile ruhusa, mama. Ile meseji. Imo ndani ya simu na simu haionyeshi."

"Basi twende kwa anayejua mambo ya simu. Tunakaa hapa tunaiangalia itatuzalia nini?"

* * *

Fundi simu alikuwa na meza ya kioo barazani, chini ya tangazo la duka la kopi. Aliishika ile simu kama daktari anavyomshika mtoto wa mtu, akaibonyeza pembeni, ikatetemeka.

"Iko hai. Kioo cha aina hii kinaagizwa, dada. Wiki moja, labda na nusu."

"Mimi nina saa tatu na robo," Dada Pasi akasema. "Si uiunganishe na kompyuta uzitoe hizo meseji? Nasikia zinatoka."

"Zinatoka kama umeiruhusu simu. Na kuiruhusu ni kwa kugusa kioo. Kioo ndio hicho." Akaikuna simu kwa ukucha. "Umewahi kuiunganisha na kompyuta yoyote? Yoyote ile. Kazini, nyumbani?"

Alikuwa karibu kusema hapana. Ndipo macho yake yakapanda kwenye lile tangazo la duka la kopi. Mwezi uliopita hospitali ilimtumia meseji yenye namba ya mgonjwa na siku ya upasuaji, na dirishani wakakataa kuiangalia kwenye simu, wakamwambia alete karatasi. Aliileta hapahapa, kwa Mama Kopi. Mama Kopi akafungua ukurasa kwenye kompyuta, ikatokea picha ya mraba yenye vidoadoa, akamwambia aielekezee kamera ya simu. Mara meseji zake zote zikajipanga kwenye kioo kikubwa, wakachapa ile moja, akalipa, akakimbilia hospitali.

"Niliunganisha humu," akasema. "Ila sikumbuki kuitoa."

Fundi akasimama. "Kama hukuitoa, una bahati. Lakini nisikilize vizuri. Simu isizimike. Ikizimika, ikiwaka tena itadai namba ya siri, na huna pa kuiandikia. Hapo itakuwa kwaheri. Mara ya mwisho uliichaji lini?"

Aliichaji juzi. Na kama iliyokuwa ikisikiliza, simu ikatoa mlio mfupi wa kuonya, ule wa betri inayokaribia kwisha.

Fundi alinyoosha mkono. Alichomoa betri yake ya akiba, ile ya kuchajia kwa waya, kwenye simu ya mteja mwingine na kuichomeka kwenye hii, na mteja yule, mwanaume mwenye tai, alipofungua mdomo kulalamika, bibi alimtazama kwa lile jicho jipya mpaka akaufunga.

* * *

Mama Kopi alikuwa ameenda mjini kununua karatasi, wakamngoja barazani hadi saa tisa. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani kichwani na nyingine puani. Aliposikia wanachotaka, badala ya kufurahi aliangalia chini na kuanza kupanga karatasi zilizokuwa zimepangika.

"Hukuitoa," akasema. "Nilikuwa nikwambie. Kila ukiwa na bando zinaingia zenyewe humu. Mimi nafanya kazi zangu, huku pembeni, ding, meseji yako."

"Umekuwa ukisoma meseji zangu?"

"Sikusoma." Akavua miwani ya puani. "Nilisoma kidogo. Za mumeo. Za kazini hazina ladha, hizo nilikuwa naziruka."

Dada Pasi alihisi masikio yanawaka. Mume wake, aliyekuwa mkimya kama gogo akiwa nyumbani, kwenye meseji alikuwa mtu mwingine kabisa, na humo ndani kulikuwa na maneno ambayo hata yeye mwenyewe aliyasoma akiwa amejifunika shuka. Wakati mwingine wowote angegomba. Leo alimeza, akavuta kiti, akasema, "Fungua."

Ukurasa ulifunguka, na badala ya meseji ukaleta mstari mmoja mwekundu: simu haina mtandao.

"Bando limekwisha," Mama Kopi akasema.

Saa ya ukutani ilisema saa tisa na robo. Simu ya bibi, ile ndogo ya kubonyeza, ilikuwa na salio la kubipu tu. Dada Pasi aliichukua akambipu mumewe, akakata, akasubiri. Akabipu tena. Mara ya tatu mumewe akapiga.

"Mama? Kuna nini?" Sauti ya injini nyuma yake.

"Ni mimi. Usiniulize kitu. Nitumie bando kwenye namba yangu, sasa hivi."

"Si simu yako haionyeshi? Bando la nini?"

"Nimesema usiniulize."

"Niko barabarani, kipenzi, nikipata pa kusimama..."

Bibi akaichukua simu mkononi mwake. "Simama hapohapo ulipo," akasema, akakata.

Zilipita dakika nne ambazo Dada Pasi hakuweza kukaa. Alitembea kutoka mashine ya kopi hadi mlangoni na kurudi. Kisha simu kipofu ikatetemeka juu ya meza, na ule mstari mwekundu ukafutika. Meseji zikaanza kuporomoka kwenye kioo cha kompyuta, moja juu ya nyingine, wiki tatu zote, na Dada Pasi alipiga makofi mara moja bila kukusudia. Hakuwa amewahi kufurahi hivyo kwa sababu ya maandishi.

"Usipande huko juu," akamwambia Mama Kopi upesi, "huko ni kwa mume wangu. Shuka. Huyo hapo."

Mama Kopi akabofya. Bibi alikuwa amesogea, pua karibu iguse kioo, na kwa kuwa siku hizi hakuna maandishi yaliyompita, akaanza kusoma kwa sauti.

"'Bosi shikamoo. Naomba siku tatu kuanzia kesho. Mama yangu mzazi anapasuliwa jicho, hana mtu ila mimi.'" Midomo ikaendelea kusogea, lakini sauti haikutoka tena.

Chini yake lilikuwepo lile neno: Sawa.

Dada Pasi hakuthubutu kugeuka. Alikuwa amesahau kabisa kwamba aliandika vile. Kanuni ya dobi ilitoa siku tatu zenye malipo kwa ugonjwa wa mtoto, mume au mzazi. Mama mkwe hakuwemo, na mama yake mwenyewe alikuwa kaburini miaka kumi na miwili. Alimwandikia Bwana Sawa neno moja la uongo, na sasa mwenye jicho alikuwa amelisoma, mwanamke aliyewahi kurudi sokoni kwa miguu kwa sababu alirudishiwa chenji iliyozidi.

"Mama..."

"Endelea kushuka," bibi akamwambia Mama Kopi.

Chini kulikuwa na meseji mbili zaidi. Dada Pasi hakuwa ameziona hata siku moja. Ya kwanza ilitumwa jioni ileile kioo kilipokufa.

"Dada yangu, yale mashuka ya hoteli yaliyochelewa wiki ile yamenifika shingoni. Sikuweka mtu kwenye mashine yako, nilisahau. Nimewaambia wakubwa hukuniaga. Ukiulizwa kubali tu, watakupa onyo la mdomo, basi. Nitakulipa kwa zamu za asubuhi mwaka mzima. Nina watoto kama wewe."

Na kesho yake: "Naona umenyamaza. Nashukuru kwa kunielewa."

"Ndiyo maana," Dada Pasi akasema taratibu. "Ndiyo maana aliniambia tulikubaliana." Kwa wiki tatu mtu yule alikuwa akimpangia zamu za asubuhi, akimchekea kirafiki langoni, na yeye akadhani ni wema. Kumbe alikuwa akilipa deni la makubaliano yaliyofanywa na simu mbovu. Alipandwa na hasira na, cha ajabu, na kicheko. "Chapa," akasema. "Chapa zote tatu. Nne. Chapa ukurasa mzima."

Mashine ya kuchapa ikakoroma, ikavuta karatasi, ikaimeza nusu. Umeme ukakatika.

* * *

Ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na tano. Mtaa mzima ulikuwa umetulia jinsi mitaa inavyotulia umeme ukikatika, kisha ukaguna. Kompyuta, kwa kuwa ilikuwa ya kubebeka, bado iliwaka. Mama Kopi alitazama pembeni ya kioo.

"Asilimia kumi na tisa. Betri yake imezeeka, hii itatupa nusu saa, nikiomba Mungu."

"Hadi kwenye dobi ni dakika ishirini kwa miguu," Dada Pasi akasema. "Na nikienda na picha tu watasema nimeitengeneza."

Waliangaliana. Mama Kopi alikuwa na wateja wawili mlangoni, mmoja na vyeti vyake mkononi. Akavua miwani ya kichwani, akaivaa juu ya ile ya puani, akaivua tena.

"Nimesoma meseji zako za mapenzi mwezi mzima," akasema. "Twende. Lakini siifungi, nikiifunga inalala, na ikilala sijui kama itaamka."

Basi watu wa mtaa ule siku ile waliona kioja. Mbele alitembea bibi wa miaka sabini akipanua njia kwa mikono, akisema nipishe, nipishe. Nyuma yake mwanamke mnene amebeba kompyuta iliyo wazi mikononi kama sinia la harusini, simu yake mwenyewe imechomekwa kifuani ikirusha mtandao. Kando yake mwanamke mwenye aproni ya dobi ameshika simu nyeusi na betri ya akiba, waya kati yake usiozidi shubiri, akitembea kwa woga wa kuuchomoa. Watoto waliwafuata. Mtu akauliza kama wanapiga picha za filamu. Mama Kopi, akihema, alitangaza asilimia kila walipopita kona: kumi na tano, kumi na tatu, kumi na moja. Dada Pasi alikuwa anaogopa na alikuwa anafurahi, vyote kwa pamoja. Tangu asubuhi alikuwa mtu wa kuomba. Sasa alikuwa na kitu mkononi.

Bibi hakuwa amemwambia neno tangu asome ile meseji.

* * *

Langoni mlinzi alitaka kompyuta iandikishwe. Wakapoteza dakika tatu na asilimia mbili. Mlangoni mwa ofisi karani akasema aliyeitwa ni mmoja, akakubali mwenye kompyuta kama shahidi, lakini bibi akaonyeshwa benchi la nje. Aliketi bila kubisha, jambo lililomtia Dada Pasi hofu zaidi.

Afisa utumishi alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti isiyopanda wala kushuka. Faili lilikuwa mezani, na pembeni yake kidau cha wino na muhuri. Bwana Sawa alikuwa ameketi upande wa dirisha, kofia magotini.

"Umefika kwa wakati," afisa akasema. "Msimamizi anasema hukuomba ruhusa. Wewe?"

"Niliomba, na nilijibiwa. Iko hapa. Naomba usome haraka, betri inakwisha."

Mama Kopi akaiweka kompyuta juu ya faili, na afisa akainama. Alisoma hadi chini, akarudi juu, akasoma tena. Bwana Sawa hakuhitaji kuangalia. Rangi ilikuwa imemtoka tangu kompyuta iingie mlangoni.

"Hii namba ni yako?" afisa akamuuliza.

"Ni yangu." Akamgeukia Dada Pasi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesalitiwa. "Lakini si ulikubali? Ulinyamaza. Nilikuuliza ukanyamaza."

"Sikuiona, bosi. Simu ilikuwa imekufa kioo. Unajua. Wote mnajua."

"Nilidhani unajifanya kwa ajili yangu," akasema taratibu, na hapo akaanza kuikunja kofia yake. Afisa alimwambia atoke, wataonana kesho na barua yake. Alipopita, hakumtazama mtu. Dada Pasi alimwonea huruma asiyoitaka.

Afisa alichukua simu yake akaipiga picha ile kompyuta, mara mbili. Dakika haikupita kioo kikawa cheusi. Mama Kopi akakaa chini bila kuambiwa, akajipepea na bahasha ya ofisi.

"Basi," afisa akasema, na kwa mara ya kwanza sauti ikalainika. "Hufukuzwi. Siku zako tatu ni halali na zitalipwa. Pole kwa usumbufu. Mama yako mzazi anaendeleaje?"

Lilikuwa swali la adabu tu. Jibu lake lilikuwa fupi: anaendelea vizuri. Angelisema, angesimama, angeenda zake na mshahara mzima. Lakini alikuwa ametoka kumwona mtu akitolewa nje kwa uongo, na kwenye ukurasa uleule uongo wake mwenyewe ulikuwepo, juu kabisa. Tena bibi mwenyewe alikuwa pale benchini, nyuma ya mlango.

"Si mama yangu mzazi," akasema. "Ni mama wa mume wangu. Niliandika vile kwa sababu mama mkwe hayumo kwenye kanuni. Niliogopa kukataliwa."

Mama Kopi akaacha kujipepea. Afisa alimtazama muda mrefu, kama mtu aliyekabidhiwa mzigo ambao hakuuomba.

"Ningependa usingeniambia," akasema. "Sasa sina la kufanya. Kazi unabaki nayo. Lakini siku tatu hazitalipwa, na barua ya onyo inakaa kwenye faili." Akaandika, akachovya muhuri, akagonga.

* * *

Bibi alisimama kabla mlango haujafungika.

"Wamesemaje?"

"Nimebaki, mama. Nimebaki na kazi." Machozi yalikuwa yakimtoka na alikuwa anacheka. "Wamenikata zile siku tatu tu, na onyo. Nimewaambia ukweli. Nimewaambia wewe si mama yangu mzazi. Najua niliandika vibaya, mama, nisamehe, sikuwa na haki ya..."

"Umewaambia nini?"

"Kwamba wewe si mama yangu."

Bibi akamwangalia kana kwamba amemkanyaga.

"Miaka tisa," akasema, "nakungoja. Nilisema sitamlazimisha mtoto wa watu, mama yake yuko kaburini, siku akinitaka atasema mwenyewe. Leo naenda kusoma kwenye kompyuta ya mtu, mama yangu mzazi, kwa herufi zinazoonekana. Njia nzima sikuweza kukusemesha, ningelia mbele ya yule mnene. Halafu unaingia humo kunikana kwa mshahara wa siku tatu?"

"Mama, mimi nilidhani umekasirika."

"Nimekasirika sasa. Nipishe."

Hakubisha hodi. Dada Pasi alimfuata hadi mlangoni na kusimama hapo, hajui amzuie au amsikilize. Afisa aliinua kichwa. Bibi akavuta kile kiti alichokuwa amekalia Bwana Sawa, akaketi, akaweka mikono juu ya meza.

"Shikamoo mama," afisa akasema.

"Marahaba. Mimi ndiye mwenye jicho. Nililala hospitali siku tatu, na huyu alilala sakafuni chini ya kitanda changu, akinitia dawa kila baada ya saa nne. Nilifungwa jicho, sikufungwa akili. Nani alizaliwa na nani ni mambo yetu, tumeshayamaliza pale nje. Huyu ni mwanangu. Andika mzazi."

"Mama, nakuelewa. Lakini kanuni inasema mzazi ni yule aliyekuzaa."

"Na nani kakwambia mimi nimemaliza kuzaa?"

Mama Kopi akatoa sauti kooni. Afisa aliinamisha uso, akajikuna paji la uso kwa kalamu, na alipouinua alikuwa anajitahidi asitabasamu.

"Mama yangu, hata ningetaka. Karatasi imekwisha. Muhuri umeshagongwa."

"Basi gonga mwingine," bibi akasema. Akakisukuma kile kidau cha wino upande wa pili wa meza, akatulia kungoja.